Mwalimu wa kwaya na mhazini walivyoingiza simu kanisani Bahi

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Bahi, magharibi ya mji huo, na kufika Tabora 1912. Wamisionari Waanglikana wa CMS walikuwa wameshaingia Ugogo, nchi ya Wagogo, kwa miguu na kuweka kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, lakini ni treni iliyorahisisha kazi: vitabu, dawa na barua zikaanza kufika kwa ratiba. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa 1927 chini ya Askofu George Chambers, makao yake yalikuwa Dodoma, mji wenye stesheni. Kanisa la Ugogo, kwa maneno mengine, halijawahi kuwa geni kwa mitambo.

Ukisoma habari za teknolojia na huduma ya kanisa katika nchi tajiri, utakutana na mhubiri mbele ya kamera. Bahi mambo yalikwenda vingine. Huku mashine zililetwa kanisani na mwalimu wa kwaya, na baadaye na mhazini. Mhubiri alifuata nyuma.

Kwanza ilitafutwa sauti, kwa kuwa wasomaji walikuwa wachache. Mwaka 1939, huko Los Angeles, Joy Ridderhof alianzisha shirika la Gospel Recordings, lililorekodi mafundisho mafupi katika lugha ndogondogo za dunia. Chombo chake cha ajabu zaidi kilikuwa gramafoni ya kadibodi: kipande kinakunjwa, sindano inalazwa juu ya santuri, na msikilizaji anaizungusha santuri kwa penseli. Hakihitaji betri wala fundi. Anayezungusha haraka humfanya mwinjilisti aongee kama mtoto. Anayechoka humfanya azee ghafla.

Redio ilikuja na nguvu kubwa zaidi. Mwaka 1963 Walutheri walifungua kituo cha Radio Voice of the Gospel mjini Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vikatayarishwa Moshi katika studio ya Sauti ya Injili. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo hicho, na matangazo yakakatika. Tanzania yenyewe iliruhusu redio binafsi mwaka 1993. Leo Dodoma ina Mwangaza FM ya Wakatoliki na Uzima FM ya Waanglikana.

Lakini muulize mtu mzima wa Bahi alisikia wapi mahubiri nje ya kanisa lake, atakutajia kaseti. Mahubiri ya Moses Kulola, mwanzilishi wa kanisa la EAGT, na semina za Christopher Mwakasege zilizunguka nchi nzima kwa kaseti zilizonakiliwa mpaka sauti ikapauka. Betri zikiisha nguvu zilianikwa juani, zikapata uhai wa nyimbo chache zaidi. Na kwaya ndizo zilizotawala. Mwimbaji Rose Muhando alipotoa albamu ya Mteule Uwe Macho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwa ametokea Kwaya ya Mtakatifu Maria, Chimuli, hapo hapo Dodoma. Kwaya za vijijini ziliona kwamba mtu wa kwao anaweza kusikika nchi nzima, nazo zikaanza kuchangishana fedha za studio.

Kaseti ilipokufa, CD haikukaa sana. Memori kadi ilichukua nafasi yake. Utaratibu wake unajulikana katika kila senta: unampa kijana wa kibandani simu yako, anachomoa kadi, anaichomeka kwenye kompyuta na kuuliza unataka bongo fleva au injili. Ukisema injili, anakurushia folda nzima, tenzi za zamani na mapambio ya juzi pamoja. Mwimbaji aliyelipia studio hapati hata senti. Hilo ni deni ambalo makanisa yenyewe, yanayopiga nyimbo hizo kwenye mikutano, hayapendi kulizungumzia.

Katika nchi nyingi ugonjwa wa korona ndio uliohamishia ibada mtandaoni. Kenya ilifunga makanisa Machi 2020. Tanzania haikufunga: tarehe 22 mwezi huo huo Rais John Magufuli, akiwa kanisani Dodoma, alisema nyumba za ibada zitabaki wazi. Bahi basi haikulazimika kujifunza kusali mbele ya skrini. Makundi ya WhatsApp ya mitaa na vigango yalikua kwa sababu nyingine: misiba, ratiba za mazoezi ya kwaya, michango.

Biblia ya kwenye simu nayo ilipenya polepole. Programu ya YouVersion ilitoka Marekani Julai 2008 na ina Biblia ya Kiswahili. Tenzi za Rohoni zinapatikana pia kwenye programu za bure. Bado Chama cha Biblia cha Tanzania, chenye makao Dodoma, kinauza za karatasi, na wazee wengi wanazitaka hizo. Wasiwasi wao si wa bure: kijana aliyeinamia simu wakati wa somo anaweza kuwa kwenye Warumi, au anaweza kuwa kwenye Instagram.

Kilichobadilisha kanisa hasa ni fedha. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Bahi ni wilaya ya mpunga, mtama na uwele, na mapato hufuata mavuno. Watoto wa Bahi wako Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mjini, na zamani mchango wao wa mabati ya kanisa ulisafiri kwenye bahasha, mkononi mwa kondakta. Simu ilifanya ahadi ilipwe siku ile ile. Ilileta pia mgogoro: fedha ziliingia kwenye namba binafsi ya mhazini, zikachanganyika na za ada ya mwanawe. Ndiyo sababu namba ya malipo yenye jina la kanisa, ile inayosomwa na mzee wa kanisa wakati wa matangazo, ilipokelewa kwa furaha kuliko spika mpya.

Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja. Malalamiko yalikuwa makubwa nchi nzima, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa mtu anayetuma sadaka ya shilingi elfu mbili, makato yalikuwa hoja nzito, na kondakta wa basi akapata tena bahasha za kubeba.