Abakosti, Kravati na Kadi Isiyosema Tuvae Nini

Kadi nyingi za harusi zinazopita mikononi mwetu hapa Nyarugusu zina mstari wa Kifaransa chini kabisa: tenue de ville. Yaani nguo za mjini. Mji gani, kadi haisemi. Kadi ya pili inasema tenue correcte, nguo sahihi, kama vile kuna mtu alikuwa anapanga kuja na nguo za makosa. Na barua za ofisini ndizo zinasema kidogo kuliko zote: tarehe, saa, ukumbi, basi. Halafu vijana ninaofanya nao kazi wanakuja kuniuliza: "Yaya, tuvale nini?" (Ndugu zetu Watanzania msicheke. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, siyo mlezi wa mtoto.)

Ukilipeleka swali hili kwa wazee, hawakujibu mambo ya fasheni. Wanakujibu mambo ya serikali. Na wana haki, kwa sababu kwetu Kongo swali la kuvaa nini mbele ya watu limekuwa na mwenye kulisahihisha kwa muda mrefu, kama mwalimu na kalamu nyekundu.

Tuanzie kwa Wabelgiji. Baada ya vita kuu ya pili, kulikuwa na kundi la Wakongo waliosoma, makarani, wauguzi, walimu, walioitwa évolués, yaani walioendelea. Mwaka 1948 serikali ya koloni iliwaletea kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza hatua ya juu zaidi, iliyoitwa immatriculation. Kuipata haikuwa kujaza fomu tu. Wakaguzi walikuja hadi nyumbani kuangalia mnaishi vipi, mnakula na uma au na mkono, nyumba iko safi namna gani, mke na watoto wako katika hali gani. Suti na kravati (hapa Tanzania wanasema tai) vilikuwa sehemu ya mtihani huo hata pale ambapo hakuna aliyeandika hivyo. Hadi mwaka 1958 waliopata immatriculation nchi nzima walikuwa zaidi kidogo ya 200. Nchi kubwa kama Kongo, watu 200 na kidogo! Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, alikuwa mmoja wao.

Mimi naona hapo ndipo tulipojifunza tabia moja ambayo hatujaiacha: kuvaa kwa ajili ya mtu anayekagua. Swali halikuwa ninapenda nini, wala jua likoje leo. Lilikuwa: yule atakayeniangalia ataandika nini?

Angalia picha za Juni 1960. Mfalme Baudouin alifika Léopoldville na sare nyeupe ya kijeshi na upanga wa sherehe, na mtu mmoja, Ambroise Boimbo, akauchukua ule upanga kwenye gari lililo wazi na kukimbia nao. Tarehe 30, ndani ya Palais de la Nation, Lumumba alivaa kama protokoli inavyotaka: suti, tai ya kipepeo, na ule utepe mpana wa nishani ya Kibelgiji umepita kifuani. Kwa nguo hakuna aliyeweza kumkosoa. Halafu akasimama na kutoa hotuba ambayo haikuwa kwenye ratiba, akataja matusi na vipigo vya ukoloni mbele ya mfalme mwenyewe. Nguo zilifuata kadi, maneno hayakufuata. Ninawaonyesha vijana picha hiyo mara nyingi, maana wapo wanaofikiri ukivaa kama ofisi inavyotaka basi tayari umekubali kila kitu.

Sasa tuje kwa Mobutu, maana hapo ndipo wazee wanapochangamka. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaïre. Mwaka 1972 majina ya kikristo yakaondolewa, na kravati nayo ikaondoka. Mahali pake ikaja abakosti. Neno lenyewe limetoka kwenye Kifaransa, à bas le costume, yaani suti na ianguke. Lilikuwa koti lisilo na kola ya suti, linafungwa vifungo hadi karibu na shingo, linafanana na la Mao wa China, na ndani yake shingoni wakubwa waliweka kitambaa laini cha hariri. Hakuna shati la kola, hakuna kravati. Bwana na Bibi pia waliondolewa. Kila mtu akawa citoyen au citoyenne, mwananchi. Wanawake wakaambiwa suruali, sketi fupi na mawigi siyo mambo yetu. Vazi ni kikwembe, kile ambacho huku wanakiita kitenge.

Siasa hiyo iliitwa kurudi kwenye asili. Lakini abakosti ilikuwa nguo ya asili ya nani? Babu zetu wa Fizi na Uvira hawakuwahi kuivaa. Na zile za Mobutu mwenyewe zilishonwa na kampuni ya Arzoni huko Zellik, Ubelgiji. Kwa hiyo nguo ya kumkataa Mbelgiji ilishonwa na Mbelgiji. Mimi hapo huwa nacheka, lakini wazee hawacheki sana, maana waliivaa.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulitegemea. Baadhi yao wanasema miaka ile ilikuwa rahisi. Ukipewa mwaliko wa ofisi, huulizi chochote. Mwanaume ni abakosti, mwanamke ni kikwembe, na kama ni sikukuu ya chama ni kikwembe chenye sura ya Mobutu au mwenge wa MPR. Kuanzia 1972 hadi 1990, miaka 18, kadi haikuhitaji mstari wa tenue, kwa sababu serikali yenyewe ndiyo ilikuwa imeuandika. Hawasemi ilikuwa nzuri. Wanasema ilikuwa rahisi, na ni vitu viwili tofauti. Mwalimu aliyetaka kubaki na kazi yake hakuwa anachagua nguo, alikuwa anachagua kazi yake.

Vijana wa Kinshasa walitafuta upenyo. Wale wa sape, na Papa Wemba akiwa kinara wao kwa upande wa muziki, walijipamba na makoti ya Ulaya ya bei kali wakati serikali inahubiri abakosti. Watu wengine wanawaona wapumbavu, kijana hana chakula ana kiatu cha Paris. Mimi siwaoni hivyo. Palipokatazwa kusema, wao walivaa.

Halafu ikafika tarehe 24 Aprili 1990. Mobutu alihutubia huko N'Sele, akatangaza kwamba chama kimoja kimekwisha, vyama vingine viruhusiwe. Alitokwa na machozi mbele ya kamera, hilo kila mtu analikumbuka. Lakini ndani ya hotuba ile ile kulikuwa na sehemu ndogo ya nguo: kuanzia sasa mwananchi ni huru kuchagua, hata kravati. Yeye mwenyewe, akasema, kwa umri wake wa karibu miaka 60 hawezi kubadilika. Hamtamwona na kravati. Na kweli alishikilia abakosti yake.

Fikiri asubuhi iliyofuata. Miaka 18 huna swali, na leo unalo. Umeitwa kikao ofisini kesho. Ukifunga kravati, mkubwa wako atasema umeshaingia upinzani. Ukivaa abakosti, wenzako watasema wewe bado mtu wa Mobutu. Hakuna nguo iliyobaki isiyo na maana. Kravati ilitafsiriwa kama mabadiliko, abakosti kama chama, na yule aliyevaa shati tu aliulizwa yuko upande gani. Uhuru ulikuja na shaka ndani yake. Ndiyo maana mimi nasema ule mstari wa tenue de ville tunaoulalamikia una historia ndefu kuliko harusi yenyewe: unatuachia kuchagua, na sisi tumerithi woga wa kuchagua vibaya.

Hata Laurent-Désiré Kabila, aliyekaa miaka mingi milimani Fizi na pia hapa Tanzania, alipochukua nchi Mei 1997 hakurudi moja kwa moja kwenye kravati. Picha zake nyingi ni za shati la mikono mifupi, shingo wazi. Hapo nako watu wa ofisini walilazimika kukisia upya.

Na tusidhani ni Kongo peke yake. Ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio Oktoba 1968, likaanza kazi Januari 1969, likaitwa Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikapigwa marufuku. Wakubwa wakavaa suti ya Kaunda. Wenyeji wetu wanajua wanachokisikia tukisimulia abakosti.

Kambi hii ilianza 1996, wakati vita ilipotuvusha ziwa. Wengi walifika na walichovaa tu. Miaka imepita, kuna mafundi cherehani, kuna mitumba, kuna pasi ya mkaa, na siku ya ibada ukikaa kando ya njia utaona makoti ambayo hata mjini yangesifiwa. Lakini yule mkaguzi wa zamani hajatoka kichwani. Amebadilisha sura tu.

Nitaeleza wazi, kwa sababu gazeti hili linasomwa pia na wafanyakazi wa mashirika. Barua ikitoka kwenu kwamba wageni wanakuja na wawakilishi wa vijana wafike ukumbini saa tatu, sisi tunakaa jioni nzima tunaisoma barua hiyo kwa upande wa nguo. Wengine wanasema: wageni ni wageni, heshima kwanza, vaa kilicho bora. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akija kwako na ukamtokea na nguo ya shamba, umemdharau. Wengine wanasema: hapana, ukivaa vizuri wataona huna shida, jina lako litatoka kwenye orodha. Sijui orodha gani, na hata wao hawasemi ni gani, lakini imani hiyo ipo na ina nguvu. Nimemwona mama akivua hereni kabla ya kuingia kwenye mahojiano na kuzifunga kwenye ncha ya kikwembe. Nimemwona kijana akiwa na viatu vizuri mkononi na kandambili mguuni, bado anaamua.

Huyo kijana na karani wa mwaka 1952 ni ndugu, ila wamegeuziana mtihani. Karani alitakiwa aonekane ameendelea. Sisi tunafikiri tunatakiwa tuonekane tumebaki nyuma. Na upande wa pili mgeni anashuka kwenye gari na fulana yenye nembo na viatu vya vumbi, kwa nia njema, ili asionekane bosi, anakuta wazee watatu wa suti wanamsubiri juani. Yeye anashangaa suti. Wao wanashangaa fulana. Kila mmoja alivaa kwa heshima na hakuna aliyeambiwa.

Dawa yake ni ndogo sana. Andikeni. "Njooni na nguo zenu za kawaida, tutakaa chini ya miti." Au: "Kutakuwa na picha, vaeni mnavyopenda kuonekana." Na kama nguo haihusiani kabisa na msaada, andikeni hilo pia, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, maana majirani zetu Warundi nao wana shida hiyo hiyo, mama wa Kirundi akifikiria kuvaa imvutano yake ya sherehe hataki kuwa peke yake ukumbini. Kwa vijana wangu huwa nasema msikisie, nendeni kwa aliyeleta barua mkaulize: tunakaa kwenye viti au kwenye majani? Nani anaongea mbele? Kuna picha? Ukijua hayo matatu, nguo inajichagua yenyewe. Na kama mvua imenyesha, udongo mwekundu wa hapa umeshaamua kabla yako.

Waliolitatua jambo hili zamani, bila kusubiri barua ya mtu, ni akina mama. Wanaume wamehangaika kutoka suti kwenda abakosti kurudi suti. Wao walichukua kikwembe kile kile walichoamriwa na MPR wakakifanya chao. Ikikaribia tarehe 8 Machi au harusi ya ukoo, wanakaa, wanachagua rangi moja, wanachanga, fundi anashona mitindo tofauti ili kila mmoja avae mwili wake. Hakuna wa kukisia siku ile. Kubishana wanabishana, na sana, juu ya bei. Mwaka huu kikundi kimoja cha jirani kilibadilisha kitambaa mara mbili kwa sababu cha kwanza kilikuwa ghali. Na yule asiyeweza kuchanga kabisa hapewi kazi ya kujieleza. Anakatiwa kipande kwenye mabaki ya fundi, anakifunga kichwani, anaingia na wenzake.