KWA NINI DVD ORIJINO ILIKUWA BEI MBAYA? HESABU YAKE HII HAPA

Kuna ubishi mmoja kijiweni hauishi. DVD orijino ya muvi ya Hollywood ilikuwa inauzwa kama dola 20 kule Marekani, wakati diski tupu mtu unainunua kwa hela ya soda. Sasa ile tofauti ilikuwa inaenda wapi? Mmoja atasema ni wizi wa Wazungu, mwingine atasema ni kodi, wa tatu atakwambia mastaa wanalipwa hela nyingi mno. Nimelisoma hili jambo kwa muda na leo namwaga lote, maana ukilielewa utajua pia kwa nini wasanii wetu wa Bongo Movie walilia njaa huku sura zao zikiwa kwenye kava kila kona ya mji.

TUANZE NA PLASTIKI YENYEWE

DVD ina upana wa sentimita 12. Ni vipande viwili vyembamba vya plastiki, kila kimoja milimita 0.6, vimegandishwa pamoja, na katikati kuna utando wa alumini wa kurudisha mwanga wa leza. Kiwandani hawachomi diski moja moja kama tulivyokuwa tunafanya kwenye kompyuta. Wanatengeneza mhuri wa chuma wenye vishimo vya muvi nzima, halafu plastiki ya moto inagandamizwa kwenye ule mhuri. Muvi yote inaingia kwa mpigo mmoja, na diski inatoka ndani ya sekunde chache. Iwe muvi ya dakika 80 au ya masaa matatu, mhuri unagonga mara moja tu.

Linganisha na kanda za VHS. Kule kiwandani walikuwa wanapanga madeki kwa maelfu, yote yanarekodi kwa pamoja. Na kanda moja ina skrubu, springi, vigurudumu, na utepe wa zaidi ya mita 200. Kwa hiyo DVD ilipokuja, gharama ya kutengeneza nakala ilishuka vibaya sana. Kwa oda kubwa, diski pamoja na kava lake haikufika dola moja. Na humo ndani tayari kulikuwa na senti chache za wenye hataza, yaani makampuni kama Philips, Sony na Toshiba, ambayo yalidai chao kwa kila DVD iliyotoka kiwandani kihalali.

Basi kwenye dola 20, plastiki ni chini ya moja. Mwenye duka anachukua chake, msambazaji chake, matangazo nayo yanakula, na inayobaki ni ya studio. Studio itakwambia inarudisha gharama za muvi. Ni kweli, Titanic ya mwaka 1997 ilitengenezwa kwa kama dola milioni 200. Lakini angalia vizuri: hizo hela zilishatumika kabla diski ya kwanza haijatoka. Ukiuza nakala moja au milioni kumi, gharama ya kuigiza haiongezeki hata senti. Nakala ya kwanza ndiyo ghali kupita kiasi, ya pili ni karibu na bure. Ndiyo maana ukitafuta bei kwenye gharama huipati. Inabidi uulize swali lingine: wanadhani nani atanunua?

KANDA MOJA DOLA 80, UNAAMINI?

Hapa ndipo utamu ulipo, na inabidi turudi mwaka 1977. Mwaka ule jamaa mmoja wa Michigan anaitwa Andre Blay alichukua haki za muvi 50 za 20th Century Fox, akaanza kuziuza kwenye kanda kwa kama dola 50 moja. Mwaka huo huo Los Angeles, George Atkinson akapata wazo: badala ya kuuza, mimi nakodisha. Ada ya uanachama dola 50 kwa mwaka, kukodi dola 10 kwa siku. Ndiyo mwanzo wa maduka ya kukodisha kanda Marekani.

Studio zilichukia, ila zilikuwa zimefungwa mikono. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, kifungu cha 109, inasema ukishanunua nakala halali, ile nakala ni yako. Unaweza kuiuza, kuigawa au kuikodisha, na mwenye muvi hana cha kukudai. Kutoa kopi ndiyo marufuku. Kwa hiyo duka likikodisha kanda moja mara mia mbili, studio inapata ile hela ya siku ya kwanza tu, basi.

Walichofanya ni kupandisha bei. Kama kanda hii itakodishwa mara mia, basi mwenye duka alipie mapema. Kanda ya muvi mpya ikawa inauzwa dola 80 mpaka 90 na kitu. Sio kwamba plastiki ilikuwa ya dhahabu, ni kwamba bei ile haikuwekwa kwa ajili yako wewe. Iliwekwa kwa ajili ya mwenye duka. Mtu wa kawaida alitegemewa akodi.

Halafu wakaanza kujaribu upande wa pili. Mwaka 1982 Paramount walitoa kanda ya Star Trek II kwa dola 39.95, watu wakainunua na kuweka nyumbani. Mwaka 1987 wakatoa Top Gun kwa dola 26.95, na mwanzoni mwa kanda wakaweka tangazo la Diet Pepsi. Disney nao walishajua kwamba mtoto anaangalia katuni ile ile mara hamsini, kwa hiyo mzazi atanunua, hatakodi. Ikawa sasa kuna bei mbili za plastiki ile ile: muvi inayoangaliwa mara moja, ghali, muvi inayorudiwa, rahisi. Mimi nikiri hiki kipande ndicho kilinifungua macho kuliko vyote.

Ugomvi na maduka ulipoa mwaka 1998. Blockbuster, kampuni iliyoanzia Dallas mwaka 1985 na kuwa na maduka kila mahali, ilikubaliana na studio kubwa: badala ya kulipa kama dola 65 kwa kanda, walipe chini ya 10, halafu wagawane mapato ya kukodisha, studio zikichukua kama asilimia 40. Kanda zikajaa kwenye mashelfu. Kanda ni zile zile, kilichobadilika ni mkataba.

DVD IKALETA BEI MOJA

DVD iliingia sokoni Japani Novemba 1996, na Marekani Machi 1997. Bosi wa video wa Warner wakati huo, Warren Lieberfarb, alisimamia kitu kimoja: DVD iuzwe kwa bei ambayo mama aliyekwenda supamaketi kununua mkate ataitupia kwenye kikapu bila kufikiria mara mbili. Ndiyo zile dola 20 mpaka 25. Bei moja kwa wote, mwenye duka na mwenye familia.

Lakini kifungu cha 109 hakikuondoka. Netflix ilianza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa posta, kwa sababu diski ni nyepesi na inaingia kwenye bahasha. Iliweza kununua DVD dukani na kuikodisha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na ukitaka ushahidi kwamba bei haikufuata gharama, DVD ile ile ya dola 20 ikishakaa miezi, ulikuwa unaikuta Wal-Mart kwenye pipa la dola 5. Mwenye haraka alilipa 20, mwenye subira akalipa 5.

KUTA ZISIZOONEKANA

Sasa tuje kwetu. Waliojaribu kuweka DVD iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani wakaona maandishi ya kukataa kwenye TV wanajua ninachosema. Studio ziligawa dunia kwa namba. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya na Japani 2, wakawekwa pamoja na Afrika Kusini na Misri. Asia ya Kusini-Mashariki 3, Australia na Amerika ya Kusini 4, China 6. Sisi Tanzania pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi tuko namba 5. Namba iko nyuma ya kava kwenye alama ya dunia. Deki ya namba 5 haisomi diski ya namba 1, labda iwe imefunguliwa ili isome zote.

Sababu ni bei na muda. Muvi ilitoka Marekani kwanza, na DVD yake ingeweza kutoka kule kabla majumba ya sinema ya nchi nyingine hayajaionyesha. Na kama studio ikiamua kuuza rahisi nchi maskini, hawakutaka mfanyabiashara anunue kontena kule akaliuze New York. Kinadharia basi, namba 5 ilitakiwa iwe faida kwetu. Weka ukuta, halafu ndani ya ukuta uza kwa bei ya watu wa humo ndani.

Tulisubiri sana. Kwenye maduka machache ya hapa Dar yaliyouza orijino, bei ilikuwa ya Ulaya. Mtaani tukaangukia VCD, ambazo hazina namba wala kufuli lolote. Picha yake hafifu, na inabeba kama dakika 74 mpaka 80 tu, ndiyo maana muvi moja ilikuja na diski mbili, ukilala usingizi unaamshwa ubadilishe.

India ndiyo waliofanya kitu. Kampuni ya Moser Baer, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza diski tupu, ilinunua haki za muvi za Kihindi, na kufikia mwaka 2007 ilikuwa inauza VCD orijino kwa rupia 28 na DVD kwa rupia 34. Hiyo haikufika dola moja. Walimuangalia mwizi wa mtaani, wakauliza yeye anauza ngapi, wakashuka mpaka karibu yake. Kampuni yenyewe baadaye ilizama kwenye madeni, mwaka 2018 mahakama ikaamuru ifilisiwe. Lakini ilionyesha kwamba bei ya DVD inaweza kushuka mpaka sakafuni ikiwa mwenye muvi anataka.

NA BONGO MOVIE JE?

Yule jamaa wa Kariakoo aliyekuwa anauza DVD ya muvi 20 kwa moja alikuwa analipia vitu vinne: diski, karatasi ya kava, umeme na pango la fremu. Muvi hakuilipia. Kwa hiyo bei yake ndiyo bei halisi ya plastiki, ukiongeza faida kidogo. Mtu akisema orijino ni wizi kwa sababu feki ni rahisi, analinganisha muvi na plastiki.

Hollywood hilo haliwaumizi sana, walishavuna majumba ya sinema na TV kabla diski haijafika Kariakoo. Anayeumia ni Mbongo. Enzi za kina Kanumba na Ray muvi zetu zilikwenda moja kwa moja kwenye diski, sinema hakuna cha maana, TV zinalipa kidogo. Diski ndiyo ilikuwa kila kitu. Na pale kwenye meza, diski ya muvi moja ya Kiswahili ilikaa pembeni ya diski ya muvi 20 za nje. Wewe mwenye buku mbili mkononi ungechukua ipi?

Watayarishaji wakajibu kwa kukata muvi vipande viwili, Part 1 na Part 2, kila kimoja na bei yake. Tulikuwa tunawatukana kwa hilo, eti wanavuta stori, mtu anatembea dakika nzima kwenye korido. Ukishajua hesabu unawaelewa: hawakuweza kupandisha bei ya diski, wakaongeza idadi ya diski.

Tena wengi wao walimuuzia msambazaji muvi kwa mkupuo. Unapewa hela yako, unasaini, kwaheri. Ikiuza nakala elfu tano au laki moja, hilo sio lako tena. Ni kinyume kabisa na ule mkataba wa Blockbuster wa kugawana, na kwa maoni yangu hapa ndipo palipouma kuliko hata feki, ingawa feki ndiyo iliyopigiwa kelele.

Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA za kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki, ili halali ijulikane. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie wakaandamana Kariakoo kupinga muvi za nje zinazouzwa bila kodi. Lakini kufikia hapo wateja walishaanza kuhama. Mtu anakwenda na flashi yake anajaziwa muvi, hakuna kava, hakuna pa kubandika stempu.

Marekani nako diski zimepungua. Netflix ilituma bahasha za mwisho Septemba 2023, na maduka ya Best Buy yakaacha kuuza diski mwaka 2024. Waliobaki wananunua ni wakusanyaji, wale wanaotaka kava zuri, kitabu kidogo ndani na picha iliyosafishwa. Bei nayo imewafuata hao hao. Criterion, kampuni ya New York inayotoa muvi za zamani, bei yake ya orodha kwa Blu-ray moja ni dola 39.95. Ni namba ile ile ya Star Trek II mwaka 1982, ingawa dola ya wakati ule ilinunua zaidi ya mara tatu ya hii ya sasa.

Nawasilisha.