Mgao Wenye Sababu: Historia Fupi ya Tume ya Ugavi wa Mapato

Kwa miaka mingi, fedha za maendeleo nchini Kenya zilifuata njia iliyochorwa na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965: ziende kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na kwa watu walio tayari kupokea maendeleo. Hilo la mwisho lina ukali wake, maana walionyimwa waliambiwa pia kwamba kosa ni lao. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliugeuza mkondo huo. Ibara ya 215 iliunda Tume ya Ugavi wa Mapato, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Micah Cheserem, aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu. Tume haigawi hata senti moja. Hupendekeza tu, na Bunge ndilo huamua. Wengi huuona huo kuwa udhaifu. Mimi naona ndiyo nguvu yake, kwa kuwa ibara ya 218 inadai mswada wa kugawa mapato ukienda mbali na pendekezo la Tume, sababu zielezwe kwa maandishi. Serikali iliyozoea kugawa kimya kimya ikalazimika kujieleza.

Fomula ya kwanza, iliyopitishwa 2012, iliipa idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8 na nidhamu ya fedha 2. Kila tarakimu hapo ni uamuzi wa kisiasa uliovaa koti la takwimu, na wakosoaji hawakukosea kulisema hilo. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa wiki kadhaa juu ya fomula ya tatu, wengine wakidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, wengine wakitetea kaunti kame zenye watu wachache. Mwafaka ulipatikana Septemba, baada ya ahadi ya kuongeza mgao wa kaunti zote. Je, hapo utafiti ulishindwa na siasa? Sidhani. Ugomvi ulifanyika hadharani, na kila upande ulibeba hesabu zinazoweza kukaguliwa. Mwaka 1965 hapakuwa na meza ya kugombania.

Kasoro nzito zaidi iko kwenye kipimo chenyewe cha nani ametengwa. Sera ya kwanza ya Tume kuhusu maeneo yaliyotengwa, ya 2013, ilitaja kaunti 14, kuanzia Turkana hadi Lamu. Migori na Homa Bay hazikuwamo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika kila moja, na wastani wa umati huo huficha mengi. Isebania, mji wa Migori ulio mpakani na Tanzania, ni mfano mzuri: mgeni anayeona malori yakipanga foleni kuelekea Sirari, upande wa pili, atadhani fedha zimejaa mjini. Lakini ushuru wa forodha wa malori hayo huingia katika hazina ya taifa. Kaunti hubaki na ada za soko, maegesho na leseni za biashara. Shughuli nyingi hazimaanishi kipato kikubwa kwa anayeuza ndizi kando ya lami, sembuse kwa mkulima wa mahindi aliye mbali na barabara hiyo.

Tume yenyewe ilikiri jambo hilo kwa vitendo. Sera yake ya pili, ya 2018, iliacha kupima kaunti nzima nzima ikatazama maeneo madogo, na kutaja 1,424 katika kaunti 34. Atakayesema fedha zikishuka huko zitaliwa tu ana hoja, ila hoja hiyo inamhusu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, haibatilishi kipimo. Kilichobaki nje ya mamlaka ya Tume ni mgao ndani ya kaunti. Elgeyo Marakwet ilitunga sheria yake ya maendeleo sawa mwaka 2015, wadi zikagawiwa fedha za maendeleo kwa fomula inayojulikana. Katiba haikuzilazimisha kaunti nyingine kufanya hivyo, kwa hiyo swali lililokuwa likielekezwa Nairobi sasa linawangoja wawakilishi wa wadi.