Kompyuta Yenye Mfumo Endeshi Mpya: Hatua za Kukamilisha Kabla ya Kuanza Kazi

Huduma nyingi za Serikali sasa hupatikana kwa njia ya mtandao, zikiwemo maombi ya ajira, mikopo ya elimu ya juu, usajili wa biashara na zabuni. Kwa wakazi wengi wa Kata ya Katubuka, Manispaa ya Kigoma Ujiji, kompyuta ya nyumbani au ya steshenari ndiyo njia ya kuzifikia. Kompyuta inapofutwa na kuwekewa mfumo endeshi upya, hatua zifuatazo zikamilishwe kwanza kabla ya kuikabidhi nyaraka za mtu yeyote.

1. Kuhakiki toleo la mfumo

Kampuni ya Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Toleo hilo bado linafanya kazi, lakini kompyuta isiyosajiliwa katika mpango wa nyongeza haipati tena masasisho ya usalama. Kompyuta ya zamani isiyokidhi vigezo vya Windows 11 inaweza kuwekewa mfumo huria kama Ubuntu, unaopatikana bila malipo. Mwananchi anayemlipa fundi ana haki ya kumtaka athibitishe kuwa nakala aliyoweka ni halali.

2. Kurekebisha tarehe na saa

Hatua hii ina uzito wa pekee mkoani Kigoma. Burundi na mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kompyuta iliyopangiwa saa za huko itamwonesha mwombaji saa 5:00 usiku, ilhali kwa saa za Tanzania ni saa 6:00 na dirisha la maombi limekwisha kufungwa. Katika Windows, chagua eneo la saa lenye jina la Nairobi (UTC+03:00). Katika Ubuntu, chagua Dar es Salaam.

Iwapo tarehe inarudi nyuma kila kompyuta inapozimwa, huenda betri ndogo iliyo ndani imeisha. Tarehe ikikosewa sana, kivinjari hukataa kufungua tovuti salama.

3. Kupakua masasisho na viendeshi

Masasisho ya kwanza yanaweza kufikia gigabaiti kadhaa, hivyo bando liandaliwe mapema. Kompyuta mpakato iunganishwe na chaja, na ya mezani iunganishwe na kifaa cha kuhifadhi umeme, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hii mfumo unaweza kuharibika. Rudia ukaguzi hadi kusiwe na sasisho lililobaki.

4. Kutenganisha akaunti

Fungua akaunti ya msimamizi kwa ajili ya kuweka programu, na akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Kila moja iwe na nywila ndefu ya pekee, ambayo fundi haijui.

5. Kuimarisha kinga na kuweka programu

Windows huja na kinga yake dhidi ya virusi, hakikisha imewashwa. Programu zipakuliwe kutoka tovuti za watengenezaji wake. LibreOffice, kwa mfano, hutolewa bure na huandika barua na majedwali.

6. Kurejesha nyaraka

Nyaraka za zamani zirejeshwe mwisho, baada ya flashi au diski kukaguliwa virusi. Nakala rudufu ibaki kwenye diski ya nje.

Wajibu wa wenye steshenari

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo, kivinjari kisiruhusiwe kuhifadhi nywila za wateja. Kazi ikiisha, mteja aondolewe kwenye akaunti yake mbele ya macho yake, na nakala za kitambulisho na vyeti vyake zifutwe.