Silaha zinazojiamulia: Nani atawajibika mashine ikiua?

MAPEMA mwaka wa 2023, makundi ya kweleakwelea yalivamia mashamba ya mpunga katika Kaunti ya Kisumu, ambako mradi wa unyunyiziaji maji wa Ahero umekuwepo tangu miaka ya 1960. Takriban ekari 300 ziliharibiwa. Serikali ikatuma droni kunyunyiza sumu ya fenthioni.

Droni hizo ziliongozwa na binadamu, naye ndiye aliyeamua sumu imwagwe wapi na lini. Hata hivyo, watetezi wa mazingira walionya kwamba sumu hiyo haibagui: huua kweleakwelea pamoja na ndege wengine na viumbe visivyokusudiwa.

Maswali hayo mawili, yaani nani anaamua na nani anabagua, ndiyo kiini cha mjadala wa dunia kuhusu silaha zinazotumia akili unde.

Ngazi tatu

Wataalamu huzigawa silaha hizi katika ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, mashine hutafuta shabaha lakini binadamu ndiye anayeidhinisha shambulio. Katika ya pili, mashine hushambulia yenyewe huku binadamu akiitazama na akiwa na uwezo wa kuizuia. Katika ya tatu, mashine ikishawashwa huchagua shabaha na kuishambulia bila kumngoja mtu.

Uwezo huo hutokana na kamera na vitambuzi vilivyounganishwa na programu iliyofunzwa kwa picha nyingi. Programu haijui adui ni nani; hulinganisha tu inachokiona na ilichofunzwa. Mkulima aliyebeba jembe begani anaweza kufanana na mpiganaji aliyebeba bunduki.

Nchini Marekani, Wizara ya Ulinzi ilianzisha Mradi wa Maven mwaka wa 2017 ili kompyuta zichambue video za droni. Mwaka uliofuata, kampuni ya Google ilitangaza kwamba haingeongeza mkataba wake katika mradi huo baada ya maelfu ya wafanyakazi wake kupinga. Kanuni za wizara hiyo za mwaka wa 2012, zilizofanyiwa marekebisho 2023, hutaka binadamu abaki na kiwango kifaacho cha uamuzi kabla ya nguvu kutumika.

Visa vya Afrika

Oktoba 2007, mzinga wa kutungulia ndege wenye mitambo ya kompyuta ulifyatuka ovyo wakati wa mazoezi ya kijeshi huko Lohatlha, Afrika Kusini, na kuua wanajeshi 9. Ingawa hitilafu ya mitambo ilitajwa kuwa chanzo, kisa hicho hutolewa mara kwa mara kama onyo.

Nchini Libya, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka wa 2021 kwamba droni aina ya Kargu-2, iliyoundwa Uturuki, ilitumika mwaka wa 2020 dhidi ya wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma. Walieleza kuwa silaha hizo zilipangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Ripoti hiyo haikuthibitisha iwapo kuna aliyeuawa kwa njia hiyo.

Nafasi ya Kenya

Kenya, ambayo majeshi yake yaliingia Somalia Oktoba 2011, si mtazamaji tu. Septemba 2024 ilikuwa miongoni mwa waandalizi wenza wa kongamano la Seoul, Korea Kusini, kuhusu matumizi ya akili unde jeshini, pamoja na Uholanzi, Singapore na Uingereza. Takriban nchi 60 ziliunga mkono mwongozo uliotolewa huko. China haikuuidhinisha, na mwongozo wenyewe haufungi nchi yoyote kisheria.

Mazungumzo ya Geneva kuhusu silaha hizi yalianza 2014, lakini maamuzi yake huhitaji maafikiano, hivyo nchi moja inaweza kuyakwamisha. Oktoba 2023, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Antonio Guterres, na Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Mirjana Spoljaric, walizihimiza serikali zikamilishe mkataba ifikapo 2026. Desemba 2024, nchi 166 katika Baraza Kuu ziliunga mkono azimio la kuendeleza mashauriano. 3 zilipinga, Urusi ikiwemo.

Sumu ikimwagwa pasipofaa, wakulima wa Kisumu wanajua ofisi ya kupeleka malalamiko. Anayetaka mkataba anataka aliyeshambuliwa na mashine naye awe na mtu wa kumshtaki: kamanda aliyeiwasha, fundi aliyeifunza au serikali iliyoinunua.