Mashine ya Kushtua Moyo Ilivyofika Mikononi mwa Mpita Njia

Moyo hupiga kwa sababu una umeme wake wenyewe. Mkondo mdogo huanzia sehemu ya juu ya moyo, huteremka kwa mpangilio, na misuli yote hujikunja kwa pamoja na kusukuma damu. Wakati mwingine mpangilio huo huvurugika ghafla: kila uzi wa msuli hutetemeka kivyake, damu haiendi popote, na mtu huanguka na kupoteza fahamu katika sekunde chache. Wengi huliita tukio hili shambulio la moyo, lakini hayo ni mambo mawili. Katika shambulio la moyo, mshipa unaoulisha moyo huziba, na mgonjwa mara nyingi huwa macho akilalamikia maumivu. Moyo unaposimama ghafla, ni mapigo yenyewe yanayopotea. La kwanza laweza kuleta la pili, ndiyo maana huchanganywa. Tiba ya mtetemo huo ni mshtuko mkali wa umeme, unaounyamazisha moyo wote kwa mara moja ili uanze upya. Kila dakika inayopita bila mshtuko, na bila mtu wa kumkandamiza mgonjwa kifua, hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Jambo hili lilianza kufahamika mwaka 1899 mjini Geneva, Uswisi. Wanasayansi Prevost na Batelli, wakifanya majaribio kwa mbwa, waliona kwamba umeme mdogo uliuvuruga moyo na umeme mkubwa zaidi uliurudisha sawa. Ugunduzi wao ulikaa miaka mingi bila kutumika, na kilichoufufua kilikuwa msiba wa kazini. Miji ya Marekani ilipokuwa ikiunganishiwa umeme, mafundi wa laini waliuawa na nyaya, na kampuni za umeme zikatoa fedha za kuchunguza vifo hivyo. Kwa njia hiyo William Kouwenhoven, ambaye alikuwa mhandisi na si daktari, alijikuta akishughulika na mioyo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Kufikia mwaka 1933 yeye na wenzake walikuwa wamethibitisha tena kwamba moyo wa mbwa uliovurugwa na umeme waweza kurudishwa na umeme.

Kwa binadamu, hatua ya kwanza ilipigwa mwaka 1947 mjini Cleveland. Daktari Claude Beck alikuwa akimalizia upasuaji wa kifua wa kijana wa miaka 14 pale moyo wa kijana huyo ulipovurugika. Beck alikifungua kifua tena, akaushika moyo mkononi na kuuminya kwa takriban dakika 45, kisha akaugusisha vibao vya umeme moja kwa moja. Kijana akapona. Hata hivyo, njia hiyo ilimfaa tu mtu aliyekwisha kulala kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston alionyesha kwamba umeme waweza kupitishwa juu ya ngozi, bila kisu. Miaka minne baadaye Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker walitangaza kwamba kukandamiza kifua kwa mikono miwili kwaweza kuisukuma damu. Knickerbocker alikuwa ameona shinikizo la damu la mbwa likipanda kila vibao vizito vya mashine vilipogandamizwa kifuani. Mimi nauona ugunduzi huu kuwa na uzito sawa na ule wa mashine, kwa maana ulimpa mtu asiye na kifaa chochote uwezo wa kununua dakika.

Dakika hizo bado hazikutosha, kwa kuwa mashine ilikaa hospitalini huku watu wakifia nyumbani na njiani. Frank Pantridge, daktari wa moyo katika Hospitali ya Royal Victoria mjini Belfast, alitambua kwamba vifo vingi hutokea katika saa za mwanzo, kabla mgonjwa hajafikishwa wodini. Akaamua kuipeleka mashine kwa mgonjwa. Chombo alichounda na wenzake mwaka 1965 kilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi, kikiendeshwa kwa betri mbili za gari. Kilipakiwa ndani ya gari la wagonjwa, na huduma ikaanza Januari 1966. Kufikia mwaka 1968 Pantridge alikuwa na chombo cha kilo 3 hivi.

Ikiwa chombo cha kilo 3 kilikuwapo mwaka 1968, kwa nini umma ulisubiri takriban miaka 30 zaidi? Wapo wanaosema ni teknolojia: mashine za awali zilihitaji mtu wa kusoma mchoro wa mapigo, na ni mwishoni mwa miaka ya 1970 tu zilipoanza kuja zile zinazosoma zenyewe na kuamua kama mshtuko unahitajika. Wengine hutaja sheria, kwa kuwa msaidizi aliogopa kushtakiwa mgonjwa akifa. Jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuruhusu matumizi ya umma mwaka 1997, na Bunge la Marekani likafuata mwaka 2000 kwa sheria ya kumlinda msaidizi. Maelezo yote mawili yana ukweli. Hata hivyo, mashine zinazojisomea zilikuwapo karibu miaka 20 kabla ya sheria hizo, kwa hiyo naona kizuizi kikubwa kilikuwa ukosefu wa imani: madaktari hawakuamini kwamba mkono usio wa daktari waweza kukabidhiwa umeme.

Imani hiyo ilijengwa mahali pasipotarajiwa. Katika nyumba za kamari za Marekani, ambako kamera hutazama kila meza na kila tukio huwa na saa yake, walinzi walifunzwa kuitumia mashine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalihusu watu 105 ambao mioyo yao ilikutwa ikitetemeka. 56 walitoka hospitalini wakiwa hai. Kati ya walioonekana wakianguka, waliopata mshtuko ndani ya dakika 3 walipona kwa asilimia 74; waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 49.

Chicago ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Juni 1999 mashine zilitundikwa katika viwanja vyake vitatu vya ndege, kila moja ikifikika kwa mwendo wa haraka wa sekunde 60 hadi 90. Mlango wa kabati ulipofunguliwa, king'ora kililia, taa ikamweka, na kituo cha dharura kikapata taarifa papo hapo. Msaidizi alibandika vibandiko viwili kifuani, kisha akafuata sauti ya mashine yenyewe. Katika miaka miwili watu 18 walikutwa na mtetemo huo, na 11 walizinduliwa. Sita kati ya hao 11 waliokolewa na watu ambao hawakuwahi kufunzwa kutumia mashine, ingawa 3 kati ya waokoaji hao walikuwa na shahada za udaktari.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Japani iliruhusu raia wa kawaida kuitumia mashine kuanzia Julai 2004. Kwa Waafrika wengi, jina linalokumbukwa ni la Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kamerun aliyeanguka uwanjani mjini Lyon Juni 2003 na kufa moyo wake uliposimama. Miaka kumi hivi baadaye FIFA iligawa mfuko wa dharura wenye mashine hiyo kwa vyama vyote 209 vya soka, vya Afrika Mashariki vikiwemo.

Lakini mioyo mingi husimama nyumbani, mbali na viwanja na kabati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa 7,001 waliowahi kupata shambulio la moyo. Nusu yao walipewa mashine ya kukaa nayo nyumbani, na idadi ya vifo haikutofautiana. Ndipo Stockholm ikajaribu njia nyingine: kumtafuta kwa simu ya mkononi mtu aliyefunzwa kukandamiza kifua ambaye yuko karibu na mgonjwa. Kwa matokeo ya mwaka 2015, wagonjwa waliokandamizwa kifua kabla ya gari la wagonjwa kufika walikuwa asilimia 62 pale simu ilipotumika, na 48 pale isipotumika.