Risasi: Neno na Madini Yake

Katika lugha yetu yamo maneno mawili ya silaha ambayo tunayatamka kila siku bila ya kuyapima. La kwanza ni bunduki. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale si silaha hata kidogo, bali ni kitu kidogo cha mviringo: tunda la kokwa, kisha tufe la udongo lililorushwa kwa upinde, na mwisho kabisa ndipo likawa jina la chombo chenye mtutu. La pili ni risasi. Hili nalo ni la Kiarabu, na ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi wetu huyatengenezea chubwi. Kwa hivyo silaha imepewa jina la tufe, na tufe likapewa jina la madini.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kuombwa kufasiri kurasa chache zilizoandikiwa wawindaji, zikieleza namna ya kuchagua risasi za kuwindia ayala na wanyama wengine wakubwa. Ayala kwetu hayuko. Tunamjua kwa jina tu, kutokana na wafasiri wa Zaburi. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Kumbe nilikuwa nimeingia katika historia ndefu, na ndani yake mna swali la uadilifu: mwindaji akikosea kuchagua, nani anayelipa?

Shabaha ya mwindaji muungwana ni moja, nayo ni mnyama afe upesi. Lakini ili hilo lipatikane, risasi yatakiwa itimize mambo mawili yasiyopatana: ipenye, na itanuke. Ile inayotanuka haraka hufanya jeraha pana, lakini huweza kukoma njiani kabla ya kuufikia moyo au mapafu. Ile isiyotanuka hufika mbali, lakini huweza kuacha tundu jembamba, na mnyama akakimbia na maumivu yake akafie kichakani asikoonekana. Historia yote ya risasi za kuwindia ni historia ya ugomvi wa mambo haya mawili.

Watu wa Pwani si wageni wa mjadala huu. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume aliulizwa juu ya mnyama aliyepigwa kwa mshale usio na manyoya, na jawabu likatofautisha: aliyechomwa kwa ncha huliwa, aliyepigwa kwa ubavu wa mshale haliwi, kwani huyo ameuawa kwa kishindo. Tufe la udongo nalo likahesabiwa katika vishindo. Ilipokuja risasi, wanazuoni wakahitilafiana: je, nayo ni tufe linaloua kwa uzito wake, au ni ncha inayopenya? Ndiyo sababu mwindaji mwenye kuchunga dini yake hupiga bismillahi kabla ya kufyatua, kisha akakimbilia kumchinja mnyama angali hai.

Tuanze na zama za gobori. Baruti ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi, ikishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Baruti hiyo haikuweza kuipa risasi mwendo mkubwa. Takriban mita 400 kwa sekunde, au zaidi kidogo. Maadamu mwendo haukuongezeka, njia iliyobaki ni kuongeza uzito. Katika miaka ya 1870, Mwingereza Frederick Selous aliwinda ndovu kusini mwa Afrika kwa bunduki ambayo ratili moja ya risasi ilitoa matufe manne tu, yaani kila tufe lilikaribia gramu 113. Na kwa kuwa risasi tupu ni laini, hata ikabonyea juu ya mfupa wa ndovu, wawindaji waliichanganya na bati ili iwe ngumu. Teke la bunduki hizo lilikuwa kali mno, na Selous mwenyewe baadaye alijuta kuzitumia.

Kisha mambo yakageuka kwa ghafla. Mwaka 1882, Mswisi Eduard Rubin alibuni risasi iliyovishwa koti la shaba. Mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. Kwa viwili hivyo, risasi ndogo iliweza kwenda kwa mwendo wa mita zaidi ya 600 kwa sekunde bila ya kuyeyuka wala kusagika ndani ya mtutu. Lakini uchaguzi huu mpya haukuwa wa kila mtu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa magumegume yasiyo na mifuo mtutuni. Basi wakati mgeni alipokuwa akichagua risasi yake kama mtu achaguaye kalamu, mwenyeji aliachiwa tufe la babu yake.

Aliyeonyesha nguvu ya risasi ndogo ni Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa lakabu ya Karamojo kwa safari zake za Karamoja, Uganda. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, yenye risasi ngumu ya gramu 11 hivi, yaani sehemu ya kumi ya tufe la Selous. Siri yake haikuwa risasi. Alilipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipokaa. Idadi ile inatia huzuni leo, lakini funzo limebaki: risasi haiwezi kuziba pengo la ujinga wa mpigaji.

Risasi ngumu, hata hivyo, haikumfaa mnyama mwepesi kama ayala, ilimtoboa ikapita. Katika miaka ya 1890, kiwandani Dum Dum, karibu na Kolkata, Waingereza walitengeneza risasi iliyoachwa wazi nchani ili itanuke mwilini. Ilikusudiwa binadamu. Mwaka 1899, mkutano wa The Hague ukaipiga marufuku baina ya majeshi ya nchi zilizotia saini. Hapa ndipo kalamu yangu iliposita: risasi ileile iliyoharamishwa kwa askari ndiyo inayolazimishwa kwa mnyama. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 inayohusu ayala inataka risasi yenye ncha laini au iliyo tupu ndani. Ukifikiri, si kinyume. Katika vita, yatosha adui aondoke mapiganoni, kisha atibiwe. Mnyama wa porini hana tabibu, na huruma pekee aliyobakiwa nayo ni wepesi wa kufa.

Mmarekani John Nosler alijaribu kuwasuluhisha mahasimu wawili. Mwaka 1946, akiwa British Columbia, Kanada, risasi zake zilivunjika juu ya ngozi ya ayala mkubwa wa kaskazini aliyejaa tope, zisimfike ndani. Akarudi nyumbani akabuni risasi yenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa shaba: cha mbele kitanuke, cha nyuma kibaki kizima na kupenya.

Lakini ugomvi wa tatu ulikuwa umefichika, nao ni wa madini yenyewe. Risasi ikigonga kwa mwendo mkali humeguka vipande vidogo visivyoonekana, vikabaki katika nyama na katika matumbo yanayoachwa porini. Madini haya ni sumu. Kule California, tai wakubwa waitwao kondori, ambao mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu, waliuawa na mizoga hiyo. Jimbo hilo likapitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2019 uwindaji kwa risasi za madini hayo umekatazwa kote jimboni. Denmark ikafuata mwaka 2024. Sasa wawindaji wengi huchagua risasi ya shaba tupu. Haimeguki kwa urahisi, ila yataka mwendo mkali ili itanuke; kwa hivyo huchaguliwa nyepesi kidogo, na mpigaji haombwi kupiga kutoka mbali kupita kiasi.

Basi nilipozimaliza kurasa zile, nilijikuta nimeandika "risasi ya shaba" mara nyingi, yaani, kwa maana ya asili, madini ya madini mengine. Sikulifuta. Lugha huendelea kubeba jina baada ya kitu chenyewe kuondoka, kama ilivyofanya kwa bunduki.

Wazee wetu walisema kwamba mshale kwenda msituni haukupotea. Walikusudia tumaini la mwindaji. Lakini kondori wa California wameifundisha dunia maana nyingine ya maneno hayo: kile tunachokirusha porini hukaa huko kikimngoja mtu, na si lazima awe yule tuliyemlenga.